Uvimbe wa Damu Kwenye Sikio la Mbwa: Sindano, Mrija au Kisu?

Ukimshika mbwa sikio ukakuta upande wa ndani umefura, ni laini, una joto, na ukiugusa unahisi majimaji yanacheza chini ya ngozi, mara nyingi hilo si jipu. Ni damu. Mshipa mdogo umepasuka ndani ya sikio, damu imekosa pa kutokea, ikabandua tabaka za sikio na kujifanyia chumba humo katikati. Madaktari wa mifugo huuita uvimbe huo hematoma ya sikio. Mbwa wangu aliupata kwenye masikio yote mawili, kwa nyakati zilizopishana sana, na kila sikio likatibiwa kwa njia yake. Ndiyo sababu mtu akiniuliza njia ipi ni bora, namrudishia maswali kwanza. Uvimbe umeanza lini? Mbwa ana umri gani, na ana maradhi mengine? Na ndani kabisa ya sikio, kwenye mfereji, kuna nini?

Duma, jina alilopewa na wanangu kabla hajadhihirisha kwamba hapendi kukimbia, ni mbwa wa masikio mapana yanayoning'inia. Masikio ya namna hiyo hufunika mfereji, hewa haipiti vizuri, unyevu unabaki, na fangasi na bakteria wanapata pa kustawi. Tena mfereji wa sikio la mbwa haunyooki kama wetu: hushuka kwanza, kisha hupinda kuingia ndani, kwa hiyo uchafu ukishafika kwenye kona hautoki kirahisi. Mbwa akiwashwa hukung'uta kichwa. Kila anapokung'uta, masikio yanapiga fuvu kwa nguvu, na anapojikuna kwa mguu wa nyuma anayakunja huku na huku. Gegedu, yaani ule mfupa laini ulio katikati ya sikio, inapata ufa, na mishipa midogo iliyoshikana nayo inakatika. Mbwa wa masikio yaliyosimama naye hupata, hata paka hupata, lakini wenye masikio mapana ya kulala ndio wanaofahamika zaidi kwa madaktari.

Mara ile ya kwanza mimi nilikazia macho uvimbe. Daktari aliutazama kidogo tu, akaugeukia mfereji. Alichungulia kwa kifaa chenye taa, akachukua uchafu kwa pamba, akaupaka kwenye kioo na kuutazama kwa hadubini. Alikuwa akitafuta utitiri, fangasi, bakteria, au hata kipande cha jani kilichozama. Pia alitaka kuhakikisha kiwambo cha sikio hakijatoboka, maana baadhi ya dawa za matone zikipita kwenye kiwambo kilichotoboka zinaweza kumharibia mbwa usikivu. Kisha akalikagua sikio la pili, ambalo kwa macho yangu lilikuwa zima. Lilikuwa na uchafu uleule wa kahawia na harufu ileile ya kuchacha.

"Ndugu yangu," akaniambia, "huu uvimbe ni matokeo. Nikiumaliza leo nikaacha huku ndani kunawasha, atakung'uta kichwa na tutaonana tena."

Walikuwa fangasi, tena wengi. Kwa hiyo kabla hatujajadili damu, tulikuwa tumeshapata dawa ya kusafishia mfereji na matone ya kuua fangasi, kwa masikio yote mawili. Nimekuja kuona kwamba hapa ndipo daktari mzuri hujitenga na yule anayechomeka sindano kwenye uvimbe kabla hata hujakaa kitini.

Ndipo akanieleza njia zilizopo, na alizieleza kwa namna iliyonisaidia kufikiri. Kazi yote, alisema, ni kuondoa damu na kuhakikisha kile chumba kilichobanduka kinafungika, ngozi inashikana tena na gegedu kabla hakijajaa upya. Kila njia inajaribu kufanya mambo hayo mawili, na zinatofautiana katika lile la pili.

Sindano peke yake hutoa damu lakini haifungi chumba. Mbwa huingia na sikio nene, hutoka na sikio jembamba, na mwenye mbwa hufurahi mpaka kesho yake au siku chache baadaye chumba kinapojaa tena. Wapo wanaobahatika, hasa uvimbe ukiwa mdogo na mpya. Wengi hurudi. Na kila sindano inayoingia ni mlango mwingine wa bakteria, kwa hiyo kurudia bila mpango si jambo la kupendeza.

Hatua ya pili ni kutoa damu kwa sindano kisha kuingiza dawa ya jamii ya steroidi ndani ya chumba hichohicho, au kumpa mbwa vidonge vya prednisoloni kwa kipindi fulani, au vyote viwili kwa jinsi daktari anavyoona. Steroidi hutuliza uvimbe na muwasho, na tabaka za sikio zinapata nafasi ya kushikana. Baadhi ya madaktari hurudia kila wiki mpaka sikio litulie. Faida yake kubwa ni kwamba mbwa wengi hawahitaji nusukaputi.

Kuna njia ya mrija. Daktari hutoboa tundu dogo upande wa chini wa uvimbe na kuacha humo kijibomba au mpira laini, ukae kwa wiki moja hadi tatu, damu na maji viendelee kutoka vyenyewe huku chumba kikifungika polepole. Wengine hutumia kile kijibomba cha plastiki kilichotengenezwa kwa ajili ya chuchu za ng'ombe wenye ugonjwa wa kiwele. Jambo hilo lilinichekesha, lakini lina mantiki, kwa kuwa kina matundu na hakichomi. Mrija unamtaka mbwa mtulivu na nyumba isiyo na wasiwasi na matone ya damu.

Halafu kuna upasuaji. Mbwa analazwa kwa nusukaputi, ngozi ya upande wa ndani inapasuliwa, mabonge yanaondolewa, chumba kinaoshwa, kisha sikio linashonwa kwa nyuzi nyingi zinazobana ngozi na gegedu pamoja. Hapo chumba hakina ujanja. Madaktari wengine, badala ya mpasuo mmoja mrefu, hutoboa matundu madogo mengi, kwa chombo cha kukatia vipande vya ngozi au kwa leza.

Na mwisho kuna kuacha. Uvimbe usipotibiwa, mwili hunyonya damu yenyewe kwa wiki kadhaa, na kovu linalobaki hujikunja na kulivuta sikio. Kwa mwenzangu mmoja mwenye mbwa mzee mwenye moyo mbovu, daktari hakutaka kabisa kumlaza kwa nusukaputi. Walimtibu mfereji, wakampa dawa ya maumivu inayomfaa, wakaacha sikio lijimalize. Lilisinyaa likawa na mabonde na matuta. Mbwa mwenyewe hakuonyesha kujali. Watu wanaopenda picha nzuri ndio hujali. Ila kuna jambo moja la kujali kweli: kovu likikaza karibu na mdomo wa mfereji linaweza kuuziba, na mfereji uliobanwa ni mgumu kusafisha, kwa hiyo maambukizi hujirudia. Halafu wiki za mwanzo, kabla shinikizo halijapungua, sikio lile ni zito na linauma. Kwa mbwa kijana mwenye afya, sioni kwa nini apitishwe huko.

Sikio la kwanza la Duma lilikuwa na uvimbe mpya, haujafika hata nusu ya sikio. Tulichagua sindano na steroidi. Daktari alinyoa, akasafisha, akatoa damu nyekundu iliyokuwa bado nyepesi, akaingiza dawa, na Duma hakulalamika zaidi ya anavyolalamika akikatwa kucha. Uvimbe ulirudi kidogo, ukatolewa tena, kisha ukakataa kurudi. Vidonge ndivyo vilivyotusumbua zaidi ya sindano. Mbwa anayetumia prednisoloni anakunywa maji mfululizo, anakojoa mfululizo, na ana njaa isiyo na adabu. Alikuwa akihema usiku kucha. Hayo yote tulikuwa tumeambiwa, na tuliambiwa pia kwamba vidonge havikatishwi ghafla. Dozi hushushwa kidogokidogo. Steroidi haimfai mbwa mwenye kisukari, na haichanganywi na dawa za maumivu za kundi lisilo la steroidi, kwa sababu viwili hivyo kwa pamoja huchimba vidonda tumboni. Kama mbwa wako tayari anameza dawa ya maumivu ya viungo, mtajie daktari kabla hajafungua kabati lake.

Sikio lile lilibaki na kikunjo kidogo kwenye ncha. Usipoambiwa huwezi kukiona.

Sikio la pili lilikuja kivingine. Tulikuwa mbali na nyumbani, mbwa ameachwa kwa ndugu, na tuliporudi uvimbe ulikuwa umejaza upande wote wa ndani, kutoka ncha hadi shina. Lile sikio lilikuwa limekaza, si laini tena. Lilining'inia na kumwinamisha kichwa upande mmoja. Daktari alijaribu sindano, akapata majimaji mekundu kidogo tu. Kilichobaki ndani kilikuwa kimeganda na kushikamana, na bonge halipiti kwenye sindano. Kwa hatua hiyo mrija nao haukuwa na maana. Alitushauri upasuaji, na safari hii nilikubali bila kuuliza maswali mengi. Alimpima damu kwanza kuona ini na figo zinafanya kazi vizuri, na kuona kama damu yake inaganda inavyopaswa.

Nilipomchukua jioni, sikio lilikuwa limejaa nyuzi kwa mistari, zote zikielekea upande mmoja, kutoka shina kwenda ncha. Daktari alinieleza kwamba mpangilio huo si urembo. Mishipa ya damu ya sikio hupita kwa urefu, na uzi ukiwekwa kukingama unaweza kuibana na kuua ngozi. Mpasuo wenyewe hakuufunga. Aliuacha wazi kama uchochoro mwembamba ili majimaji yapate pa kutokea, na alinionya nisishangae nikiona yanadondoka. Wapo madaktari wanaoshonea vifungo vya nguo au vipande laini vya plastiki juu ya nyuzi ili zisikate ngozi. Wa kwetu hakufanya hivyo, na sikio lilipona sawasawa.

Kisha ikaja sehemu ambayo hakuna anayekusimulia vya kutosha: kumtunza baada ya kurudi. Nyuzi hukaa kwa kawaida wiki mbili hadi tatu, muda mrefu kuliko majeraha mengi ya kushonwa, kwa sababu ngozi na gegedu hazina haraka ya kuungana. Muda wote huo mbwa anavaa ile kola pana ya plastiki shingoni. Duma aligonga milango, akagonga magoti yetu, akajifanya hawezi kufikia bakuli. Wanangu walinisihi nimvue walau usiku. Usiku ndio mbwa hujikuna. Dakika moja ya mguu wa nyuma inatosha kung'oa kazi yote ya daktari, kwa hiyo kola ilikaa, naye akajifunza kulala akiegemeza ukingo wake ukutani.

Siku za kwanza alikuwa pia na bandeji iliyolikunja sikio juu ya kichwa. Bandeji inazuia sikio lisipigwepigwe, lakini ina masharti. Iwe na nafasi ya kupitisha vidole viwili chini yake, maana kichwa hufura na bandeji iliyokaza huweza kumbana koo. Ikilowa inatolewa. Ikinuka inatolewa. Na kabla ya kuifunga, daktari alichora kwa kalamu juu ya bandeji umbo la sikio lilipolazwa. Nilidhani ni mzaha, mpaka aliponieleza kuwa wapo watu waliowahi kukata bandeji kwa mkasi wakakata na ncha ya sikio lililokuwa chini yake. Tangu hapo kila ninayemjua mwenye mbwa aliyefungwa kichwa namwambia kuhusu mchoro huo. Kasoro nyingine ya bandeji ni kwamba inafunika mfereji, na mfereji wenyewe unahitaji matone na hewa. Ndiyo sababu ya kwetu haikukaa muda mrefu.

Matone ya damu yalifika ukutani, kwenye pazia, na mahali pengine ambapo hadi leo sielewi yalifikaje. Mbwa akikung'uta kichwa chenye jeraha linalovuja, hakuna kitu ndani ya chumba kilicho salama. Tandika mashuka ya zamani na uondoe chochote unachokipenda.

Nikilinganisha, lile sikio la upasuaji ndilo lililobaki nyoofu zaidi, na halikuvimba tena. Lakini liligharimu nusukaputi, wiki za kola, na maumivu zaidi siku za mwanzo. La sindano lilikuwa jepesi kwa mbwa na zito kwa uvumilivu wetu. Ningelazimika kuchagua tena kwa uvimbe mpya na mdogo, ningeanza na sindano na steroidi. Uvimbe mkubwa, uliokaza, au uliorudi baada ya kutolewa vizuri, ningeupeleka kwenye kisu bila kuzungukazunguka. Mrija ningeufikiria kwa mbwa ambaye steroidi hazimfai na daktari wake hataki kumlaza kwa muda mrefu. Haya ni maoni ya mwenye mbwa, na daktari aliyemshika mbwa wako ana haki ya kunipinga.

Jambo ambalo sitalegeza ni hili la kutoboa nyumbani. Nimeulizwa zaidi ya mara moja kama haiwezekani kununua bomba la sindano na kuitoa damu hiyo mwenyewe. Uvimbe ule, ukiwa haujaguswa, kwa kawaida hauna wadudu ndani. Ukiuchoma kwa sindano isiyo safi kupitia ngozi isiyo safi, umegeuza chumba cha damu kuwa chumba cha usaha, na damu ni chakula kizuri sana cha bakteria. Na dawa za maumivu za binadamu nazo ziachwe kabatini. Aspirini hupunguza uwezo wa damu kuganda, jambo la mwisho unalolitaka hapa. Ibuprofeni huumiza tumbo na figo za mbwa, na paracetamoli bila kipimo cha daktari huweza kuharibu ini.

Kilichochukua muda mrefu kuliko vyote ni kujua kwa nini fangasi walikuwa wakirudi. Mbwa mwenye maambukizi ya masikio yanayojirudia mara nyingi ana mzio, wa chakula au wa vitu vilivyo hewani na ardhini, na masikio ni sehemu tu ya ngozi inayolalamika. Duma alikuwa pia akilamba nyayo hadi manyoya yakageuka rangi ya kutu, dalili niliyokuwa nikiiona kama tabia yake. Daktari alituwekea jaribio la chakula: aina moja ya lishe maalumu kwa wiki 8 au zaidi, bila makombo ya mezani, bila vitafunio, bila mfupa wa kubahatisha. Kipande kimoja cha kitu kingine huharibu jaribio zima, na katika nyumba yenye watoto hilo ni gumu kuliko upasuaji. Chakula kilithibitika kuwa sehemu ya tatizo, ingawa si lote. Sasa ana lishe yake, na kuna majira ya mwaka anahitaji dawa ya kutuliza muwasho.

Masikio yake tunayasafisha kwa utaratibu na kila akitoka majini. Unajaza mfereji kwa dawa ya kusafishia, unakanda shina la sikio mpaka usikie mlio wa maji ndani, unamwacha akung'ute mwenyewe, kisha unafuta kinachoonekana kwa pamba laini iliyozungushiwa kidole. Vijiti vya pamba havina kazi hapo, vinasukuma uchafu kwenye ile kona.

Kuna hali moja ambayo sikio halipaswi kusubiri zamu ya kliniki. Mbwa akivimba sikio bila historia ya kuwashwa wala kugombana na mwenzake, mwangalie fizi na tumbo. Fizi zikiwa nyeupe, ngozi ikiwa na madoa ya damu, au akitoka damu puani, kwenye mkojo au kinyesini, huenda damu yake haigandi. Sumu ya panya ni mojawapo ya visababishi, na aina nyingi za sumu hiyo hufanya kazi kwa kuzuia damu kuganda, siku kadhaa baada ya mbwa kula chambo. Mbwa huyo apelekwe saa hiyohiyo, na kama pakiti ya sumu ipo, ichukuliwe, kwa kuwa matibabu yanategemea aina iliyoliwa.